Unga Mikononi mwa Pili

Nakumbuka siku moja shangazi yangu alipochota unga wa chakula cha jioni, akaumwaga kwenye ungo, akauweka chini mbele ya mtoto mdogo ambaye hakuna aliyejua katoka wapi, akamwambia, "Haya, bibie, leo mpishi ni wewe. Tupikie."

Mwanangu, ungekuwapo ungeona jinsi watu walivyotazamana. Njaa ilikuwa imetukaa, na unga ule tuliutwanga wenyewe asubuhi kwa makopa ya muhogo yaliyobaki darini. Sasa amekabidhiwa mtoto auchezee.

Nakuhadithia haya kwa sababu asubuhi nimekusikia ukiwafukuza wanao jikoni. Sikusema kitu, kwani jikoni kwako ni kwako. Lakini sasa umekaa, uji umeshaiva, na wao wamekwenda kucheza huko nje. Basi nisikilize kidogo.

Mwaka huo nilikuwa nimeolewa karibuni, na mimba yangu ya kwanza ndiyo kwanza imeanza kuonekana. Tulikuwa tukikaa Bagamoyo mjini, upande wa Dunda, na mume wangu Shomari alikuwa seremala. Kisha Wadachi wakaja na bendera yao, watu wa pwani wakakataa, na mizinga ya meli ikaanza kulia. Habari za vita sitakueleza. Wanaume wamezieleza barazani mpaka zimechakaa. Mimi nakueleza habari za waliokimbia na vyungu vichwani.

Aliyetuongoza alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, Bi Mwanamvua. Alikuwa mwanamke mnene, mweusi tii, mwenye sauti ya chini na vidole vyembamba ambavyo ungedhani ameazima kwa mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Alizaa, akazika watoto wake wote wangali wadogo, na mumewe naye akafuata. Wapo wanaopatwa na hayo wakawa hawataki tena kumwona mtoto wa mwenzao. Shangazi yeye aliwataka wote. Mjini kwetu, kila ukipita barazani kwake utamkuta kakaa chini, si kwenye kiti wala kwenye kibao, bali chini kabisa, miguu kainyoosha, na watoto wa mtaa wamemzunguka wakifinyanga, wakisuka, wakikoroga vitu ambavyo hata mbuzi asingevila. Watu wakimcheka. Yeye naye akicheka nao, kisha akiendelea.

Tulikuwa tunakwenda Kiwangwa, shambani kwa mdogo wake, baba yangu mdogo Kibwana. Njiani, kwenye kijito, tuliwakuta watu wengine waliokimbia kutoka kaskazini. Wengi wao walikuwa wanasukumana wavuke. Walipokwisha kuvuka, pale pembeni ya njia akabaki mtoto wa kike peke yake, kakaa juu ya tope, kashika kipande cha kaniki kilichochanika. Meno ya mbele ndiyo yanang'oka, kwa hiyo unaweza kukisia umri wake.

Shangazi akamwinamia. "Mama yuko wapi, mwanangu?"

Kimya.

"Unaitwa nani?"

Kimya vilevile. Tukamwuliza kila aliyepita. Hakuna aliyemjua. Shangazi hakumbembeleza sana wala hakumshika kwa nguvu. Alinyoosha mkono tu, akausubirisha pale hewani mpaka mkono wangu mimi niliyekuwa natazama ukachoka. Hatimaye mtoto akakishika kidole chake kimoja. Tukaondoka naye hivyo.

Kule Kiwangwa baba mdogo alitupokea vizuri. Alikuwa mtu mwema, ila nyumba ilimjaa ghafla, na mtu mwenye hofu ya njaa hasemi kama anavyosema siku nyingine. Alikuwa na wajukuu wawili pale, Sefu na dada yake Mwajabu, watoto wachangamfu wa umri uleule. Yule mtoto wa njiani tukamwita Mgeni, kwa kuwa hakuwa na jina jingine.

Mgeni hakusema. Aliegemea ukuta wa nyumba tangu asubuhi mpaka jua linapotua, na kile kitambaa chake mkononi. Ukimpa chakula anakitazama. Uji alionja kidogo tu, kisha anafunga mdomo. Mimi nilijaribu kumsemesha, nikamwimbia, nikamtisha kidogo, nikambembeleza. Baba mdogo alijaribu kwa Kikwere, akidhani labda Kiswahili hakijui. Mtoto alikuwa anatutazama kama anayetazama mvua.

Shangazi hakumsemesha hata kidogo. Hilo lilinishangaza.

Alichofanya ni kwenda kukaa chini karibu na ule ukuta, akampa mgongo, akawaita Sefu na Mwajabu. Akaokota magunzi ya mahindi. Gunzi moja akalifunga kitambaa kiunoni, akalitia nywele kwa nyuzi za mgomba, akachoma macho kwa kijiti cha moto, akampa Mwajabu. "Huyu mwanao. Analia, mbebe." Mwajabu akambeba mgongoni kwa jani. Sefu naye akataka mwana, akafanyiwa shujaa mwenye mkuki wa njiti. Wakacheka sana, maana shujaa yule kichwa kilikuwa kinaanguka kila akienda vitani.

Gunzi la tatu shangazi akaliacha chini, nyuma yake, bila kugeuka.

Jioni nilipokwenda kufagia sikuliona. Nilimkuta Mgeni amelifunga ndani ya kile kipande cha kaniki, kalilaza mapajani. Nikakimbilia kumwambia shangazi kwa furaha. Akaniwekea kidole mdomoni. "Usimwambie kwamba umeona," akasema. "Akijua anatazamwa, atalirudisha."

Kesho yake akaja na miyaa, yale majani ya ukindu ya kusukia. Aliichana nyembamba, akaipaka rangi kwa magome na mizizi aliyochemsha, nyingine nyekundu, nyingine nyeusi, akawafundisha watoto kuanza ukili, ule utepe wa kushonea mkeka. Sefu alikuwa na mikono ya kijana wa kupanda miti, si ya kusuka. Mkeka wake ulikuwa mdogo kama kiganja, na ulipinda hadi ukarudi ulikotoka. Nikamhurumia. Nikaunyakua ili nimnyooshee.

Shangazi akanishika kifundo cha mkono. "Mrudishie."

"Umepinda, shangazi."

"Naona. Lakini ni wake. Ukiunyoosha wewe utakuwa wako, naye atakuwa hana mkeka."

"Basi utamfundisha vipi, kama hasahihishwi?"

"Atasuka mwingine," akasema. "Na mwingine. Haraka ya nini? Mwekee wako ulionyooka pale karibu, auone. Macho yake yatamfundisha. Wewe kazi yako ni kukaa hapa asichoke peke yake."

Nikamrudishia Sefu kimkeka chake, akamlaza shujaa wake juu yake, wote wawili wakiwa wamepinda, na akaona ni mkeka mzuri kuliko mikeka yote duniani. Mwanangu, nilikuwa mtu mzima mwenye mimba, na nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kumfanyia mtoto kazi yake ni kumnyang'anya kitu.

Siku hiyo Mgeni alisogea. Kidogo tu, lakini mgongo ulitoka ukutani.

Sasa ndipo likatokea jambo lililotutia hofu. Mchana mmoja mtu alipiga hodi. Mwanamume wa makamo, kanzu safi, kilemba kizuri, maneno laini kama samli. Alisalimia kwa adabu, akauliza habari za nyumba, za mashamba, za wagonjwa, kisha akasema amesikia tuna mtoto aliyeokotwa njiani.

"Ni mtoto wa marehemu dada yangu," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Zuhura. Tumemtafuta hata tumekata tamaa. Mungu awalipe mema."

Akamwita, "Zuhura, njoo mwanangu." Mgeni alijibana na ukuta. Hakukataa wala hakukubali.

Baba mdogo alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mdomo mmoja umepungua, na mtoto amepata wenyewe, kuna ubaya gani? Lakini mimi nilikuwa namtazama shangazi, nikaona vidole vyake vimeacha kusuka. Siku zile, mwanangu, mtoto asiye na mtu wa kumsemea alikuwa mali ya yeyote atakayemtia mkononi. Palikuwa na watu waliokuwa wakizifuata njia za wakimbizi kama fisi. Mtoto anachukuliwa leo kwa jina la mjomba, na kesho yuko ng'ambo kwa jina la mtumwa. Sote tulilijua hilo. Ila yule mtu alikuwa na kanzu safi na machozi, nasi tulikuwa na njaa, na ni rahisi kumwamini anayekupunguzia shida.

Shangazi akasema kwa upole, "Tumefurahi, bwana. Lakini mtoto hajala siku nyingi, miguu haimbebi. Mwache apate nguvu kidogo. Njoo Ijumaa baada ya sala, utamkuta anaweza kutembea."

Yule mtu hakupenda, lakini kukataa kungemfanya ashukiwe. Akaaga kwa maneno mengi mazuri, akaenda zake.

Alipotoweka, baba mdogo akasema, "Dada, unamzuia mtu mtoto wake?"

"Kama ni wake nitamfungia na chakula cha njiani," akajibu shangazi. "Kama si wake, mwenye kutuambia ni mmoja tu, na huyo hasemi."

"Basi mwulize!"

"Ameulizwa na watu wote, Kibwana. Maswali yamemjaa hata hana pa kuweka chakula."

Na hapo ndipo alipoingia ndani, akachota ule unga, akaumwaga kwenye ungo.

Baba mdogo alisimama. "Dada! Huo ndio unga wetu."

"Wenu upo kwenye chungu, ameufunika mkeo. Hili ni fungu langu, la leo na la kesho. Mimi ni mnene, nitavumilia." Akakaa chini, miguu kainyoosha kama kawaida yake. "Haya, bibie. Leo mpishi ni wewe. Tupikie."

Baada ya hapo hakumtazama tena. Akawaita Sefu na Mwajabu, akawaosha mikono, na Mgeni naye akammwagia maji mikononi kama wenzake, kama jambo la kawaida. Akaleta ndizi mbivu, zile zilizoiva hata ganda limekuwa jeusi, akawapa waziponde. Sefu alizipiga ngumi, zikaruka hadi kwenye nyusi zangu. Shangazi akacheka, akazirudisha ungoni zile zinazorudishika. Akatia asali kidogo kutoka kibuyu cha baba mdogo, ambaye alijifanya haoni. Akawaambia wakande. Mikono minne midogo ikaingia ungoni, kisha kwa taratibu, wa tano.

Ulikuwa mkono wa Mgeni. Ulianza na kidole kimoja, kama anayepima maji kama ni ya moto. Kisha vyote. Kisha kile kitambaa cha kaniki akakiweka chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu kijitoni, akaingiza na mkono wa pili.

Shangazi akawa anafinyanga donge lake polepole huku akinung'unika, "Mimi nataka kufanya samaki. Mie mtu wa pwani, nimechoka na muhogo, nataka samaki." Akatengeneza kitu. Mwanangu, mwanamke yule alikuwa na vidole ambavyo vingeweza kusuka jina la Mungu kwenye ukingo wa mkeka, lakini kile alichokifinyanga kilikuwa kama kisigino. Akakiweka kwenye jani. "Samaki wangu hana mkia," akasema, na huzuni yake ilionekana ya kweli.

Mgeni alikitazama. Alikitazama muda mrefu, uso umekunjamana kama mwanamke mkubwa aliyeuziwa kitu kibovu. Kisha akanyoosha mkono, akaubana ule unga upande mmoja kwa vidole viwili, akauvuta, akaugawanya.

"Hivi," akasema.

Niliinua kichwa. Shangazi alinikanyaga mguu.

"Ah," akasema shangazi, bila haraka. "Kumbe. Na magamba je?"

"Kwa ukucha." Na akaonyesha, akipiga ukucha wa kidole gumba mstari kwa mstari, magamba yakatokea mazuri kabisa.

"Na jicho?"

"Kunde."

Mwajabu akakimbilia kunde. Wakawa wanatia macho. Hakuna aliyemkumbusha Mgeni kwamba alikuwa bubu. Sefu yeye alikuwa anamgombeza tayari kuhusu samaki mkubwa awe wa nani.

"Samaki hawa wanachomwa au wanachemshwa?" akauliza shangazi.

"Wanafungwa kwenye jani, wanawekwa kwenye majivu. Moto wa chumvi."

"Moto wa chumvi ndio upi? Mie siujui."

Mgeni akacheka. Alicheka kwa ule ujinga wa mtu mzima asiyejua moto wa chumvi. "Mama anapochemsha chumvi! Sufuria kubwa. Sisi tunakaa pembeni tunachoma samaki wa unga, mama asitukanyage."

"Wewe na nani?"

"Mie na Mosi."

Na hivyo hivyo, mwanangu, huku mikono ikifunga majani, yakatoka yote, kipande kwa kipande, bila kuulizwa zaidi ya hayo yanayohusu mapishi. Jina lake Pili. Ndugu yake mkubwa Mosi. Mama yake watu humwita Mama Mosi, anachemsha chumvi Saadani karibu na mikoko. Walikimbia wote, mama kambeba mdogo mgongoni, yeye kashika kaniki ya mama. Watu wakasukumana. Kaniki ikachanika. Hapo aliposema kaniki imechanika aliacha kufunga, akakitazama kile kitambaa. Shangazi hakusema "pole." Alimpa jani jingine. Akafunga tena.

Samaki walipoiva tukawafungua kwa vijiti. Jani lilikuwa limeungua ukingoni, na ndani unga umekuwa wa kahawia na asali imetoa povu. Pili alimpa Sefu, akampa Mwajabu, akanipa mimi, akampelekea baba mdogo pale alipokaa. Kisha akala wa kwake. Akala wote, mkia na kunde, akalamba jani.

Baba mdogo alimshika samaki wake mkononi asimle. "Na dada je?" akauliza. Akamkata katikati, akampa shangazi nusu yenye kichwa. Tangu hapo sikumsikia tena akisema neno kuhusu unga.

Ijumaa yule bwana akaja. Kanzu ilikuwa safi zaidi ya siku ya kwanza. Alileta kipande cha sukari guru, akakaa barazani, akaanza tena maneno yake. Shangazi akamkaribisha vizuri. Pili alikuwa ndani na wenzake wanasuka.

"Bwana," akasema shangazi, "tusaidie jambo moja kabla hujaondoka naye. Mama yake alikuwa akifanya kazi gani?"

Yule mtu hakubabaika. "Alikuwa mkulima, Mungu amrehemu. Alikufa na mtama wake shambani."

"Na nduguze mtoto?"

"Hana. Huyu alikuwa peke yake. Ndiyo maana moyo wangu unaniuma."

Hapo Pili akatoka. Hakuna aliyemwita. Alisimama mlangoni na miyaa myekundu mikononi, akamtazama yule mtu usoni.

"Mie si Zuhura," akasema. "Mie Pili. Na mama hajafa. Mama anapika chumvi."

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini baraza lote liliisikia. Baba mdogo aliinuka pale alipokaa. Alikuwa mtu mfupi, mkulima, mikono imejaa sugu, na sijawahi kumwona akiwa mrefu kama siku ile.

"Bwana," akasema, "kanzu yako nzuri sana. Jua likizidi njia hii huwa na vumbi jingi. Nenda mapema isichafuke."

Majirani wawili waliokuwa wakipita walisimama kusikiliza. Yule mtu akazitazama nyuso zao, akatengeneza kilemba, akasema huenda amekosea mtoto, watoto hufanana. Akaenda. Sukari guru yake aliisahau. Shangazi aliitupia kuku.

Lakini bado tulikuwa hatujui kama mtoto alisema kweli kuhusu mama yake, au alisema alichokitamani. Vita vilikuwa vimepita Saadani pia. Shomari, mume wangu, ambaye tulikimbia naye, akaweka kando vyombo vyake vya useremala, akachukua upinde wa baba mdogo, akaondoka na watu waliokuwa wakielekea Mto Wami, ili afike Saadani kumtafuta Mama Mosi. Nilikaa na mimba yangu na hofu yangu. Pili hakuwa na hofu. Kila siku alifinyanga samaki, siku zisizo na unga kwa udongo, akawapanga kwenye kivuli wakauke.

Shomari alirudi asubuhi moja, na nyuma yake mwanamke mwembamba aliyejifunga kaniki yenye ukingo uliochanika, mtoto mgongoni na kijana mdogo mkononi. Mikono yake yote ilikuwa na alama za moto. Alikuwa amerudi kwenye sufuria zake za chumvi, akasema baadaye, kwa sababu huko ndiko mtoto angejua kumtafuta. Wenzake walimwambia akimbilie mbali zaidi, akakataa.

Watoto walikuwa uani wanapika, njia wameipa mgongo. Yule mwanamke alisimama. Tulidhani atapiga kelele, au atakimbia. Hakuweza. Alikaa chini pale pale mavumbini nyuma ya Pili, akawatazama wale samaki juu ya jani, na akasema kwa sauti iliyokauka, "Leo mbona hawana mapezi?"

Pili alianza kujibu, "Bado sija—" kisha mikono yake ikasimama ndani ya unga.

Hayo mengine siwezi kukusimulia, kwa sababu machozi yalinijaa, nikawa sioni. Nakumbuka tu kwamba mama yule alikuwa na unga mwili mzima, kwenye nywele, kwenye shingo, mgongoni, alama za vidole vidogo kila mahali, na hakutaka kuzipangusa hata alipokwenda kulala.

Shangazi alikuwa wapi? Alikuwa jikoni, anawakorogea wageni uji. Mama Mosi alipomwendea na kutaka kumbusu mikono, alimwinua, akamwuliza kwa bidii kabisa, "Hebu nieleze huo moto wa chumvi unawashwaje. Huyu mwanao amenicheka kwa kutoujua."

Mimi nilizaa miezi ya mbele, na shangazi ndiye aliyenipokelea mama yako. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alipofariki watoto aliowafundisha kusuka walikuwa watu wazima wenye ndevu. Walikuja wengi. Nimeishi sana, mwanangu, nimewaona masheikh wenye elimu, matajiri, na wapiganaji waliotajwa majina kila mahali. Simweki hata mmoja mbele ya mwanamke yule aliyekaa chini na miguu kainyoosha, akaficha ustadi wake ndani ya samaki asiye na mkia ili mtoto apate kitu cha kumrekebisha.

Basi nasaha yangu ni hii. Wanao wakija jikoni, wape kitu. Moto ulinde wewe, na kisu kiwe mbali. Lakini ndizi ya kuponda ipo, unga wa kukanda upo, jani la kufunga lipo. Udongo uko uani bure. Miyaa ukichana, wachanie na wao. Watachafua, nawe utafagia, na kufagia hakumalizi mtu. Kazi yao ikipinda usiinyooshe. Kaa nao watengeneze nyingine. Usiwaulize sana mambo ya moyoni wakiwa wamekukalia uso kwa uso, maana mtoto akitazamwa hujifunga. Mpe kazi ya mikono, kaa pembeni yake, fanya yako, uliza habari za mkia na jicho, na ukinyamaza vizuri utasikia yale ambayo kiboko wala pipi visingeyatoa. Na wanachopika, ukile. Hata kikiungua. Ukile mbele yao, tena uombe kingine.

Mwenyezi Mungu akujaalie unga wa kula na unga wa kuchezea. Awaepushie wanao kila mwenye maneno laini na nia mbaya, awape mikono yenye kazi na vinywa visivyoogopa kukwambia kitu. Na wewe akupe umri mrefu na magoti mazima, uweze kukaa nao chini mpaka wawe wakubwa. Amin. Haya, waite waje, wameshanusa uji.